Vidole Vitatu Mbele ya Cherehani

Jumatatu, 6 Mei

Nimenakili ukurasa wa 29 wa kitabu cha kanuni za mbio za baiskeli uwanjani. Mada: namna ya kubandika namba mgongoni. Mwandiko safi, hakuna kufuta.

Kila siku nanakili ukurasa mmoja kwa mkono. Nilianza ukurasa wa kwanza na nitamaliza wa mwisho. Wenzangu uwanjani wananiita Daftari. Wanadhani ni utani.

Jioni Mama Kocha alituita kwenye benchi la chini. Timu ya taifa ina nafasi nne. Tatu zimejaa. Ya nne ni ya mmoja kati ya watu wawili: mimi au Cherehani. Mashindano ya kimataifa yanafanyika hapa hapa kwetu, tarehe 17 na 18. Sisi wawili tutaingia mbio za mchujo, Jumamosi, pamoja na wageni kumi na wanne. Kila baada ya mizunguko miwili, wa mwisho kuvuka mstari anatolewa. Kati yangu na Cherehani, atakayetolewa baada ya mwenzake ndiye atapanda ndege kwenda mashindano ya bara. Mwingine atabaki kuosha minyororo. Hayo ni maneno yake Mama Kocha, si yangu.

Akaongeza, akiniangalia mimi, kwamba kuanzia mwakani hachukui mtu aliyefika miaka thelathini na tano. Nina thelathini na nne na miezi mitano. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Kuna jambo dogo la pembeni. Jana, mezani kwa baba mkwe, nilisema nimekwisha kuchaguliwa. Haikuwa kusudi. Mzee alikuwa anasifu mkwe wake mwingine, ambaye kampuni imempeleka ng'ambo mara mbili, na maneno yakanitoka yenyewe. Mzee aliweka kijiko chini. Akanipa mkono. Miaka saba nimemuoa binti yake na hajawahi kunipa mkono katikati ya chakula.

Kwa hiyo lazima nishinde. Nitaanza kesho.

Jumanne, 7 Mei

Ukurasa wa 30. Namba ikidondoka.

Upelelezi. Baada ya kazi nimepita dukani kwa Cherehani na suruali isiyo na tatizo lolote. Cherehani ni fundi nguo, na jina hilo alipewa kwa sababu miguu yake juu ya pedeli inapanda na kushuka kama sindano. Pia ndiye anayetushonea sote mavazi ya mbio. Jambo hilo si haki, nimeshamwambia Mama Kocha. Akasema basi nishone la kwangu.

Baiskeli yake inaning'inia ukutani juu ya vitambaa. Mpango: kuhesabu meno ya gia yake kwa siri huku namweleza suruali. Nilifika thelathini na moja, akaniuliza zipu ina nini. Nikaanza upya. Nilifika ishirini na sita, mteja akaingia. Mara ya tatu Cherehani akacheka, akasema, "Kaka, ni arobaini na tisa mbele, kumi na nne nyuma. Nikuandikie?"

Hakuna mshindani anayetoa gia yake bure. Nimefungua orodha nyuma ya shajara hii: UONGO WA CHEREHANI. Namba 1, gia.

Akachukua tepu anipime vazi jipya la Jumamosi. Hapo nilitumia akili. Alipozungusha tepu kifuani, nilivuta tumbo ndani na kukata pumzi. Kiunoni pia, mapajani pia. Shabaha yangu: aone namba, ajue nimekonda, aingiwe na hofu. Aliangalia tepu mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika niko sawa, maana nimekuwa mwekundu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa sikuwa na hewa ya kusemea.

Wakati natoka akaniambia nisisahau kwamba kwenye mchujo waamuzi hawaangalii gurudumu la mbele. Wanaangalia la nyuma. La nyuma likivuka la mwisho, umetoka. Akasema imeandikwa, ukurasa wa 41.

Mimi niko wa 30. Anataka niruke kurasa kumi. Namba 2.

Alhamisi, 9 Mei

Ukurasa wa 32. Adhabu za kutema mate.

Wazo limenijia stoo, saa nne asubuhi, kati ya magodoro ya futi tano na ya futi sita. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro na mambo ya urefu nayajua. Nilikuwa nimeyasimamisha kwa ubavu ukutani, ncha za nyuma sawa, nikaona: la futi sita linatokeza mbele ya la futi tano. Halikukimbia. Halikutoa jasho. Ni refu tu.

Nikakaa juu ya maboksi.

Baiskeli zote uwanjani zina urefu unaokaribiana. Je, moja ikiwa ndefu zaidi mbele? Mwendeshaji anakuwa palepale na mwenzake, lakini gurudumu lake limeshafika. Nimefungua ukurasa wa 18, ambao nilinakili mwezi uliopita. Baiskeli isizidi sentimita 185. Yangu ina 160. Miaka yote hii nimekuwa natembea na sentimita ishirini na tano za halali ambazo sijazitumia!

Sitakuwa mlafi. Nitachukua tano tu. Vidole vitatu.

Ijumaa, 10 Mei

Ukurasa wa 33.

Nimepeleka baiskeli kwa mchomeleaji wa mageti nyuma ya soko. Mafundi wa baiskeli wana midomo, na wote wananyolewa saluni ile ile anakonyolewa Cherehani. Mchomeleaji aliizunguka fremu, akasema, "Bosi, hii ni chuma kizuri, tunaweza kuweka na maua." Nikakataa maua. Nikamchorea: akate mabomba mawili ya mbele, aongeze kipande, afunge. Akauliza inafungukia ndani au nje. Nikamweleza tena kwamba si geti.

Kazi ilichukua saa tatu. Nimepima mwenyewe: sentimita tano kamili. Mtu yule ni hodari. Ila rangi aliyokuwa nayo ni ya kijani, iliyobaki kwenye geti la zahanati, na ameipaka pale penye kiungo na kidogo pembeni na kidogo kwenye kiatu changu. Maua hakuweka. Ameweka nyota moja, ndogo, anasema ni zawadi.

Mke wangu ameitazama muda mrefu. Akauliza kama ilipata ajali. Nikamwambia ni teknolojia. Akasema sawa, teknolojia ilale varandani, isimchafulie ukuta.

Jumapili, 12 Mei

Ukurasa wa 35.

Baba mkwe amekuja bila taarifa, na sanduku. Jipya, la buluu, la magurudumu manne, kufuli la namba. La safari yangu. Amesema mkwe wake hawezi kushuka kwenye ndege na mfuko wa magodoro. Amelisukuma mwenyewe kuanzia kituo cha basi ili kuhakikisha magurudumu hayalii. Hayalii.

Mke wangu akaniangalia. Yeye anajua nafasi bado haijajulikana. Nikaangalia dirisha.

Mzee alikuwa mpima ardhi serikalini miaka thelathini na mbili, na tepu yake ya chuma bado iko mfuko wa shati. Hupima vitu kama watu wengine wanavyokohoa. Kabla ya chai alikuwa amepima varanda, meza na baiskeli. Akaniita. Akataka kujua kwa nini upande wa mbele umezidi wa nyuma, na nyota ni ya nini. Nikamweleza siri, kwa sauti ya chini, kama mwanaume kwa mwanaume: gurudumu la mbele litamtangulia Cherehani kwa vidole vitatu, hata tukiwa sawa.

Akafikiri. Akasema, "Mkwe, ukisogeza nguzo ya mbele ya kiwanja, ya nyuma inabaki pale pale." Kisha akauliza hao waamuzi wanapima kutoka nguzo ipi.

Nikamwambia hii si ardhi, baba, hii ni michezo. Akarudisha tepu mfukoni. Nadhani alielewa.

Sanduku limebaki sebuleni, katikati ya viti. Kila ninapopita nagonga kidole.

Jumatatu, 13 Mei

Ukurasa wa 36.

Mazoezi. Uwanja wetu ni wa mbao, kona zake zimeinuka kama paa la nyumba, na baiskeli zetu hazina breki wala pedeli haziachii: gurudumu likizunguka, mguu nao unazunguka. Kwa hiyo ni lazima ukate kona vizuri. Baiskeli yangu mpya haikati kona. Inazifikiria kwanza. Mara mbili nilipanda hadi ukingo wa juu ambako hakuna mtu, nikapeana macho na mfagiaji wa majukwaa.

Mama Kocha akauliza kile ni baiskeli au ngazi. Mkaguzi aliyekuwa pale akapima, akasema iko ndani ya kanuni. Mama Kocha akasema kanuni zinaruhusu mambo mengi, hata kuoa mtu usiyempenda.

Cherehani alikuja pembeni yangu tukipumzika. Akagusa kiungo cha kijani. Akasema kama nimeongeza mbele kwa ajili ya mchujo basi nimepoteza muda wa mchomeleaji, maana ni gurudumu la nyuma, kaka, nilikwambia. Akasema nikilegea kwa sababu naona gurudumu la mbele limetangulia, nitatolewa nikiwa nacheka.

Ameogopa. Sauti ilikuwa ya upole kabisa, ndiyo dalili. Namba 3.

Jumatano, 15 Mei

Ukurasa wa 38. Rangi za bendera za waamuzi.

Vazi limefika. Cherehani amelileta mwenyewe, limepigwa pasi. Amefuata vipimo nilivyompa, hilo siwezi kumlaumu, ingawa ningetaka.

Kulivaa: dakika ishirini na tano. Mke wangu alisaidia kuanzia magotini. Tulipofika kiunoni akaomba tupumzike. Zipu ilifungwa mimi nikiwa nimelala sakafuni na yeye ameweka goti mgongoni. Niliposimama nilikuwa nimenyooka kama mshumaa. Kukaa haikuwezekana. Kuinama, kidogo. Kuvuta pumzi, nusu.

Mke wangu akashauri nilirudishe nikapimwe upya, na mara hii nipumue. Nimemwambia siwezi, kwa sababu Cherehani atajua kwamba nilikata pumzi, na hofu yote niliyompandikiza itapotea. Akauliza hofu ipi, mbona jamaa amepiga mluzi hadi getini.

Ni kujikaza tu.

Ijumaa, 17 Mei

Ukurasa wa 40, nimenakili asubuhi na mapema. Unahusu wapiga picha. Kesho ni wa 41, lakini kesho asubuhi ni mbio, kwa hiyo utanakiliwa jioni. Mke wangu alisema si ukurasa unaofuata tu, hebu ufungue, usome, utanakili baadaye. Nikamwambia mtu wa utaratibu akianza kuruka, mwisho wake ni kusoma kitabu kama gazeti. Akasema basi ausome yeye. Nikaweka kitabu juu ya kabati.

Mashindano yamefunguliwa. Wageni wana baiskeli nyeusi ambazo hazina hata neno moja juu yake. Wana viti vya kukunja, feni ndogo, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kushika chupa tu.

Nimechagua mmoja wa kumwiga: bingwa, mtu mrefu, anayekaa kimya. Aliendesha baiskeli ya mazoezi dakika kumi na mbili. Nikafanya kumi na mbili. Alifunga macho. Nikafunga. Kisha akatoa pamba, akaichovya kwenye kichupa, akaweka puani. Ya kufungua kifua. Mimi sina kichupa, nina ile dawa ya kuchua misuli kwenye kopo jekundu. Nikachukua pamba. Nikachovya. Kwa kuwa sikutaka kuonekana mchoyo, nikachovya vizuri.

Sikumbuki dakika tano zilizofuata. Ninachojua ni kwamba nilitoka chumba cha kubadilishia nguo nikiwa napapasa ukuta, machozi yanatiririka mpaka shingoni, na wa kwanza niliyekutana naye ni baba mkwe. Alikuwa amekuja mapema kuona uwanja na alikuwa tayari amepima mlango. Akaniuliza kinachoniliza. Nikamwambia ni bendera, baba. Uzalendo.

Akanishika bega na kutazama pembeni. Nadhani naye alilengwalengwa na machozi. Halafu akasema amewaalika wastaafu wenzake wanne wa ofisi ya ardhi kesho. Watakaa jukwaa la mbele.

Mama Kocha alinimwagia chupa mbili za maji usoni.  

Jumamosi, 18 Mei

Naandika saa kumi jioni. Mistari imenyooka.

Saa mbili na nusu, chumba cha kubadilishia nguo. Nainama kufunga kiatu. Vazi linapasuka nyuma, kutoka mgongoni hadi mahali ambapo sitapaandika. Sauti yake ilifanya wageni wawili wageuke. Dakika ishirini kabla ya mbio.

Cherehani hakucheka. Hilo linanishangaza mpaka sasa. Alifungua mfuko wake, akatoa sindano na uzi, akaniambia nisimame nishike kabati. Akanishona nikiwa ndani ya vazi. Akaongeza na kipande cha kitambaa kilichokatwa kutoka kwenye taulo lake, ili nipate nafasi ya kupumua. Akaniambia, "Kaka, ulikata pumzi siku ile, sivyo? Niliongeza sentimita mbili kimya kimya, kumbe ulihitaji nne." Halafu, akikata uzi kwa meno: nikumbuke, gurudumu la nyuma.

Sentimita mbili bila idhini. Namba 4. Na gurudumu la nyuma kwa mara ya tatu. Namba 5.

Mbio. Watu kumi na sita. Mkakati wangu ulikuwa wa hesabu tupu: wa mwisho hutolewa, wa pili kutoka mwisho hatolewi. Kwa hiyo ukiwa wa pili kutoka mwisho kila mara, unafika mbali bila kuchoka. Wengine wote wanapigania mbele kama watu wasiosoma.

Mchujo wa kwanza, akatoka mgeni aliyekosa nafasi. Mimi wa pili kutoka mwisho. Wa pili, akatoka mgeni mwingine. Mimi wa pili kutoka mwisho. Wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Mapafu safi. Miguu safi. Nilimsikia baba mkwe akiwaeleza wenzake kwamba nafanya makusudi. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia raha kuongelewa na mtu yule.

Mchujo wa tano. Wageni walimbana Cherehani kwenye kona ya mwisho, akarudi nyuma mpaka kwangu. Wote mbele yetu walikuwa wamekwisha kuvuka. Tukabaki sisi wawili, bega kwa bega, mita thelathini kufika mstari. Mmoja wetu anatoka. Mmoja wetu anapanda ndege.

Nikatazama chini. Gurudumu langu la mbele lilikuwa limemtangulia. Si sana. Vidole viwili hivi, yaani zile sentimita zangu zilikuwa kazini. Niliona kila kitu kwa mpigo: stoo, magodoro, mchomeleaji, nyota. Cherehani alikuwa anakanyaga kama nyumba yake inaungua. Mimi nikalegeza. Kwa nini kupoteza nguvu? Nimetangulia. Nikavuka mstari nikiwa natabasamu kwa jukwaa la mbele.

Kipaza sauti kikataja namba. Yangu.

Nikajua wamekosea. Nikaendelea. Namba ikatajwa tena. Nikazunguka mara tatu nikiwaonyesha waamuzi kwa kidole gurudumu la mbele. Mwamuzi akatikisa bendera, ambayo kwa kweli nilikuwa nimeinakili Jumatano, nikatambua ni ya kufukuza. Mama Kocha alikuwa amesimama penye geti la kutokea, amelifungua. Akasema tu, "Daftari, njoo mwanangu. Imekwisha."

Wakanionyesha picha. Gurudumu langu la mbele: mbele ya lake, sentimita mbili. Gurudumu langu la nyuma: nyuma ya lake, sentimita tatu. Tofauti, tano kamili. Mchomeleaji yule ni hodari, nilishasema.

Cherehani akaishia wa sita. Kati ya watu wa dunia nzima. Amechaguliwa.

Baadaye jioni. Ukurasa wa 41 umenakiliwa. "Katika mbio za mchujo, anayetolewa ni yule ambaye gurudumu lake la nyuma limekuwa la mwisho kuvuka mstari." Mwandiko si mzuri sana. Nimefuta mara moja.

Jumapili, 19 Mei

Ukurasa wa 42.

Baba mkwe amekuja. Nilikuwa nimeandaa maelezo matatu: mapafu, upepo, na njama. Uwanja una paa, kwa hiyo upepo niliuacha.

Hakunipa nafasi. Alitoa karatasi. Amechora baiskeli mbili kutoka juu, kwa penseli, na vipimo, kama ramani ya mgogoro wa mpaka. Akanionyesha kwamba kuongeza mbele hakukunisaidia wala kuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba nilitazama nguzo isiyo yangu, nikaacha kukanyaga. Ningekanyaga hadi mwisho, ningekuwa mbele kwa nguzo zote mbili. Amepima kwenye picha. Alikwenda kuiomba kwa waamuzi.

Kisha akasema jambo lingine. Alijua toka Jumatatu ile kwamba sijachaguliwa. Binti yake alimwambia. Sanduku alinunua akijua. Wazee wenzake aliwaalika akijua. Akasema, "Mkwe, ungeniambia ukweli, ningekuja vilevile. Sijawahi kumjua mtu anayeshindana na watu wa nchi kumi."

Mke wangu akaenda jikoni ghafla, kutafuta kitu.

Nimelifikiria sana jambo hili na nimefikia hitimisho: mzee ni mtu wa hesabu, na ramani ile ni ya thamani. Nimeibandika hapa. Kumbe siri yote iko kwenye gurudumu la nyuma.

Jumanne, 21 Mei

Ukurasa wa 44. Kanuni za vyoo.

Habari kubwa. Mama Kocha ametangaza nafasi ya tano: mtu wa akiba. Anasafiri, anapata suti ya timu, anakaa benchi, na mtu akiugua anaingia. Tutaigombea watu watatu, tarehe 28, Jumanne ijayo, mbio fupi za wawili wawili. Mizunguko mitatu, wa kwanza kuvuka ndiye mshindi. Alipomaliza akaniomba, mbele ya wote, nije na miguu tu. Nisije na wazo lolote.

Lakini wazo lilikuwa limekwisha kufika. Ikiwa baiskeli ndefu huponza, basi fupi huokoa. Nimepitia ramani ya baba mkwe usiku mzima wa jana kichwani, na iko wazi. Saa kumi nilikuwa kwa mchomeleaji. Nimemwambia aondoe zile tano za mbele na akate tano nyingine zaidi. Magurudumu yatakaribiana, na la nyuma litafika upesi kama limeitwa. Amefurahi kuniona. Ameuliza kuhusu maua. Safari hii nimemruhusu mawili.

Cherehani amekuja jioni kuazima sanduku, kwa kuwa yeye hana. Mke wangu ndiye aliyemwambia aje alichukue. Nilimsaidia kulitoa. Magurudumu hayalii kweli.

Mlangoni akaniuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia inafupishwa. Akaliacha sanduku, akashika kichwa. Akasema, "Kaka, kaka yangu, nisikilize. Mbio za wawili wawili si mchujo. Huko wanaangalia gurudumu la mbele. Ukiifupisha mbele, unampa mwenzako vidole vitatu bure. Ukurasa wa 52. Nakuomba, soma hata leo."

Mke wangu akasema Cherehani alisema kweli mara ya kwanza. Ni sahihi. Ndiyo maana sasa simwamini hata kidogo: mtu husema kweli mara moja ili aaminiwe mara ya pili. Namba 6.

Hata hivyo mimi si mtu wa kudharau maandishi. Ukurasa wa 52 nitausoma, kwa zamu yake. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo wa ukurasa mmoja kwa siku, nitaufikia Jumatano, tarehe 29.

Mbio ni tarehe 28. Itakuwa vizuri kuusoma nikiwa nimetulia.